Jina Alilorudi Nalo Babu kutoka Burma

Soni, Lushoto
Juni, siku za baridi

Kaka yangu Mizu,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kwamba joto la Kahama halijawakausha kabisa. Huku kwetu ni kinyume. Ukungu umelala bondeni tangu juzi, hata mikaratusi ya kwa mchungaji haionekani, na Bibi Raheli hatoki jikoni ila kwa kuitwa. Yeye ni mzima, anakula vizuri na anagomba vizuri pia. Mimi sijambo, ila asubuhi vidole vinakakamaa mpaka niviote moto kwanza ndipo vikubali kazi. Mpe wifi Jenoveva salamu zangu nyingi, na pole ya magoti.

Picha ya mjukuu wetu tuliipata. Kwa kuwa macho ya Bibi siku hizi ni ya kubahatisha, nilimsimulia mtoto mzima kuanzia utosini: nywele, paji la uso, ngumi alivyozikunja kama anayedai haki yake. Akaniuliza masikio yakoje. Nikamwambia yamekaa nje kama ya Babu. Alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji ya moto. Mwambie Modesta amezaa vyema, na anyonyeshe bila kusikiliza maneno ya majirani.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu iko mkononi. Nimekupigia mara mbili kwa ajili ya jambo hili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza habari za mvua. Sauti yangu inanisaliti, kaka, na wewe ukisikia nimebadilika unaanza kuuliza maswali kabla sijafika popote. Ni kuhusu jina lako. Uliposema mnataka kumpa mtoto jina hilo siku ya ubatizo, nikaona siwezi kukaa kimya mpaka siku ile ipite. Tafadhali isome mahali palipotulia, na usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na barua za Baba.

Kwanza kazi yangu, maana nasikia ukiulizwa na watu unawaambia mdogo wako anatengeneza midoli. Unakumbuka nilipokuwa hospitalini nikitengeneza meno ya bandia, alikuja daktari wa meno Mholanzi, kijana mrefu anaitwa Piet. Siku moja alinikuta nimechonga sungura kwa nta iliyobaki, akaniuliza kama naweza kuchonga mtu. Akanieleza kwamba kwao kuna watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, ambao hupanga vijeshi juu ya meza, wakarusha dadu, wakapima kwa rula askari asogee kiasi gani, na kuvipigana upya vita vya zamani. Nilidhani ananitania. Aliporudi kwao alianzisha na mwenzake kiwanda kidogo cha askari hao, na nilipoacha kazi hospitalini akaniandikia.

Basi nakaa pale dirishani palipokuwa na kitanda chako. Nachukua waya mwembamba, naukunja uwe mifupa ya mtu asiyefikia urefu wa kidole gumba. Kisha nakanda udongo wao wa kuchanganya, wa njano na wa buluu, mpaka ugeuke kijani, na kwa huo naivisha ile mifupa nyama, halafu nguo, halafu mikanda. Macho nachoma kwa sindano. Mikunjo ya nguo natumia mwiba wa nungunungu, maana vyombo vyote alivyoniletea Piet nimeona haviushindi. Mtu akishakauka anasafirishwa Uholanzi, anafanyiwa kalibu, na kumiminwa kwa madini mamia kwa mamia. Kuna wazee Uingereza na wapi sijui wanaowapaka rangi watu waliozaliwa hapa Soni, na hawajui.

Mwaka juzi Piet alitaka Wajapani, wale wa vita ya Burma. Nilipomwambia kwamba babu yangu alipigana nao akauliza kwa adabu kama ningependa kazi hiyo apewe mtu mwingine. Nikamwambia hapana. Katika milima hii yote, nani aliwajua Wajapani kama sisi wawili?

Nilikuwa nachonga huku nakuona wewe. Nakuona kwenye matuta ya maharage siku za kuvuna, Babu Nikodemo amevaa ile sweta ya jeshi la Keya iliyokwisha viwiko, ameshika mpini wa jembe kama bunduki. Anatuonyesha walivyokuwa wakitembea wameinama, kofia zao zilivyoning'inia vitambaa kisogoni kama masikio ya mbuzi, viatu vyao vilivyotenga gumba peke yake. Wewe unajizungushia maganda ya mgomba miguuni kuanzia kifundoni mpaka gotini, umekuwa Mjapani kamili. Mimi kila siku askari wa Keya, kwa sababu nikifanywa adui nalia. Tunaviziana kwenye mahindi mpaka Bibi anapiga kelele kwamba tumemaliza kamba zake za kufungia maharage, na Babu, askari aliyerudi na medali, anajificha nyuma yetu asionekane na mkewe. Nikinusa ugoro popote, hata kwenye basi, nageuka kumtafuta.

Katika kazi hii nina mkaguzi. Ni mwalimu mstaafu huko Japani, anaitwa Mzee Morita. Piet humtumia picha za kila askari ili aseme kama nguo zimekaa sawa. Baba yake mdogo alikwenda Burma na hakurudi, wala mifupa yake haikuonekana. Tulianza kwa kuandikiana, baadaye tukawa tunaonana kwenye simu. Kiingereza chake na changu vinafanana, vyote vinachechemea, kwa hiyo tunangojana vizuri. Kosa la kwanza aliloniambia ni kwamba watu wangu walikuwa wamenenepa mno. Aliniambia kufikia mwaka ule wa mapigano ya Burma walikuwa wanakula majani, kwa hiyo mikono ya shati iwapwaye na mashavu yaingie ndani. Niliwakwangua wote upya. Nilijisikia vibaya, kaka, kana kwamba ni mimi ninayewanyima chakula.

Mwaka huu ikaja zamu ya majeruhi. Katika mchezo wao, askari akipigwa huwekwa mahali pake mtu aliyelala. Nikachonga aliyeshika goti, nikachonga aliyelala kifudifudi. Wa mwisho nikaamua kumchonga yule wa Babu, yule aliyekupa jina.

Hadithi yenyewe unaijua kuliko mimi, maana ni yako. Lakini acha niiandike jinsi Babu alivyoisema, ili Modesta naye aisome. Walikuwa wanashuka bonde la Kabaw katika mvua isiyojua kukatika. Asubuhi moja baada ya mapigano walimkuta Mjapani chini ya jabali, amepigwa paja na bega, hawezi kuinuka. Afande akamwamuru Babu amlinde mpaka wabeba machela wafike, na akamkataza kabisa kumsogelea, kwa sababu siku chache nyuma mwingine kama huyo alikuwa ameficha bomu ndani ya nguo na kuua watu wawili. Babu akakaa ng'ambo, chini ya turubai, bunduki magotini. Wakatazamana kutwa nzima. Yule mtu alikuwa akinyoosha mkono na kusema neno moja tu: Mizu. Babu alituambia kwamba mtu akifika pale hamwiti mfalme wala jemadari, anamwita wa kwake. Akajua ni mwanawe. Na kwa kuwa katika lugha ya yule mtu hakuwa na neno jingine la kumpa, akawa anamrudishia lile lile, kwa upole, kama unavyombembeleza mgonjwa. Mizu yupo, akawa anamwambia. Mizu hajambo. Mizu anakungoja. Machela ilipofika jioni, yule mtu alikuwa amekwisha. Babu akaapa kwamba jina la mtoto wa watu halitaozea kwenye msitu ule.

Bibi alikataa wanawe kupewa jina la watu asiowajua, na wamisionari nao hawakutaka kulisikia. Ulipozaliwa wewe, Babu alikwenda kwa Bibi akavua kofia kama anayekuja kuposa. Bibi akamwambia haya, wangu nilikukatalia, huyu ni wa mwanao. Ukabatizwa Alen, na hakuna aliyewahi kukuita Alen ila karani wa kliniki. Nakumbuka ulivyokuwa ukitamba shuleni kwamba kuna mtu Japani, mtu mzima sasa, mnaitwa jina moja, na kwamba siku moja utamwandikia barua.

Nilimchonga kama Babu alivyomsema: ameegemea jabali, mdomo wazi, mkono mbele, vidole vimefunguka. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikusudia atakapomiminwa niombe mmoja wa kwako, uwe zawadi ya ubatizo, na chini ya kitako chake nichore jina kwa herufi za kwao wenyewe. Nikatuma picha.

Mzee Morita alinipigia mwenyewe. Akasifu mikunjo ya shati, akasifu mikono, kisha akauliza yule mtu anaomba nini. Nikamwambia kwa furaha kwamba haombi kitu, anamwita mtoto wake, na hata jina la mtoto ninalo, nikamwomba aniandikie kwa herufi za Kijapani. Akauliza jina gani. Nikalitaja. Akaniomba nilitaje tena. Kisha akataka kujua nimelipata wapi, nami nikamsimulia yote, jabali na turubai na machela, na jinsi Babu alivyokuwa akimjibu. Nilikuwa natabasamu, kaka. Nilimsimulia mpaka mwisho nikiwa natabasamu.

Mzee Morita alivua miwani akaiweka chini. Halafu akasema kwamba kwao yako majina ya watu yanayoanza hivyo, na kwamba yeye hakuwapo, kwa hiyo hawezi kuapa. Lakini mtu aliyepoteza damu namna ile, akinyoosha mkono namna ile, hakuwa akimwita mtu.

"Bi Yusta," akaniambia, "mizu ni maji."

Maji, kaka. Kutwa nzima yule mtu alikuwa anaomba maji. Mvua inanyesha pande zote ila haifiki pale alipolala, na Babu yetu amekaa ng'ambo, chupa iko kiunoni, imejaa.

Sikumbuki nilimuaga vipi Mzee Morita. Nakumbuka tu kwamba udongo niliokuwa nimeukanda ulikauka mkononi, na nikautupa.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Nilikusudia kumficha Bibi, lakini unamjua. Aliniambia ninamwekea chakula kama ninayemwekea mgeni, na kama kuna msiba niuseme, yeye si mtoto. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamwambia. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Hakulia. Alikaa akilitamka polepole, na karibu nalo akalitamka la kwetu, kama anayeonja mboga kujua imekosa nini.

"Mizu," akasema. "Mazi."

Hapo ndipo na mimi nilipolisikia. Mazi. Neno letu la maji, tulilolisikia kutwa jikoni humu tangu tulipozaliwa. Lugha ya yule mtu na Kishambaa chetu vilikuwa vimekaribiana kiasi kile, vikapishana kwa irabu tu, na Babu akapita katikati.

Kisha Bibi akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia Baba wala mtoto wake yeyote. Alisema Babu hakuwa na raha na ile hadithi kama tulivyodhani. Sisi alitusimulia iliyonyooka, yeye akabaki na kipande chake. Siku za ukungu kama hizi, wakiwa wawili, alikuwa na swali moja alilokuwa akimuuliza miaka yote ya ndoa yao. Kwa nini, kila alipomtajia yule mtu mwanawe, alizidi kulia? Kwa nini hakutazama mbali kama mtu anayekumbuka nyumbani, bali alimtazama yeye, Babu, usoni na kiunoni, usoni na kiunoni? Bibi alikuwa akimjibu kwamba ni furaha, kwamba mtu akisikia jina la mwanawe ugenini hulia. Babu alikuwa akiitikia, na baada ya miezi anauliza tena.

"Leo nimejua," Bibi akaniambia. "Yule mtu alisikia neno lake linarudi. Akajua amesikika. Akawa anangoja."

Ndipo alipolia, kaka. Bibi yetu, ambaye hakulia kaburini kwa Babu wala kwa Baba. Alilia kidogo tu, akajifuta kwa pindo la kanga, akarudi kwenye maharage yake.

Nilimuuliza kama Jumapili, akipita makaburini baada ya ibada kuzungumza na Babu kama kawaida yake, atamwambia. Akasema hapana, mwacheni mgosi wangu alale. Akasema hata kama angelijua jibu hilo wakati Babu yu hai, angeendelea kumwambia ni furaha, na Mungu angemhukumu atakavyo. Nikamuuliza kama basi na wewe nikufiche. Hapo alinikasirikia. Alisema mtu mwenye mjukuu hafichwi maana ya jina lake. Aliniambia nikuandikie, na nikwambie usilione jina hilo ni doa. Babu hakumnyima mtu maji, alisema, alikosa kuambiwa. Na alichoweza kumpa alimpa: alimjibu kutwa nzima, hakunyamaza, kisha akalibeba neno la yule mtu mpaka huku na kulipa mtu wa damu yake. Ukitaka kumpa mtoto, mpe, ila umpe ukijua unampa nini. Ukitaka liishie kwako, Bibi hatanung'unika.

Mimi sina ushauri. Siku ya kwanza niliona jina hilo lazima lizikwe. Sasa kila nikikuita moyoni, naona siwezi kukuita kitu kingine. Umekuwa Mizu kwangu tangu najua kusema. Niliogopa zaidi kwamba ungelisikia kwa mtu baki, au mtoto mwenyewe angelikuta kwenye simu akiwa mkubwa, peke yake, bila wa kumweleza kuhusu turubai na bomu na amri ya afande. Kama nimekuumiza, nisamehe. Piga simu uongee na Bibi, si na mimi kwanza. Kila simu inapolia ananyamaza kusikiliza kama ni wewe.

Yule mtu wa udongo nimemtuma Uholanzi. Nilitaka kumbadilisha, nikashindwa kujua nibadilishe nini, maana mkono ni ule ule. Mzee Morita naye aliniomba nisimguse. Ameomba apewe wa kwanza kumiminwa, atamweka nyumbani kando ya picha ya baba yake mdogo, na kila asubuhi atamwekea kikombe cha maji, kama wanavyowafanyia marehemu wao. Nilimsimulia Bibi habari hiyo. Akauliza kikombe cha kwao kina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa vidole, maana nimekiona kwenye simu, ni kidogo kama cha kahawa. Bibi akatikisa kichwa. Akasema nimwandikie yule mzee, kwa heshima zote, kwamba asiweke kikombe. Aweke mtungi.

Nimeshamwandikia.

Wasalimie wote wa hapo, mkubwa kwa mdogo, na umbusu mtoto kwenye yale masikio. Bibi anasema shuka alilomfumia liko tayari, mje mlichukue wenyewe, halitumwi kwa basi. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Yusta